Maisha ya Marehemu Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi



Katika jarida hili la ukumbusho Komite imetenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja ambaye vijana wetu wanapaswa kumjua. Safari hii tumemchagua mwanamke ambaye hakuwa Mkongomani, hakuwahi kulala chini ya hema la HCR, na aliuawa miaka mitatu kabla ya kambi yetu ya Mudende kushambuliwa. Tulipolitaja jina lake katika mkutano wa Komite, baadhi ya wajumbe walipinga. Walisema kwamba kurasa za Mudende ni za marehemu wetu, na kwamba huyu hakumwokoa hata mmoja wetu. Wengine walikwenda mbali zaidi wakataja kabila lake. Tuliwasikiliza, tukajadiliana kwa muda mrefu, na mwisho tukakubaliana kwamba kwanza habari zake ziandikwe, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Felicitas Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Rwanda, upande wa Butare. Alikuwa Mhutu. Tunalitaja jambo hilo mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini kifo chake kilikuwa cha kuchagua.

Miaka hiyohiyo ya 1930 ndiyo miaka ambayo serikali ya Wabelgiji iliwahesabu watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Majina hayo yalikuwapo tangu zamani, hakuna anayekataa, lakini hayakuwa yamepigwa mhuri kwenye karatasi. Wazee wanajua kwamba neno ubwoko, ambalo liliandikwa katika vitambulisho hivyo, lilikuwa pia jina la ukoo: Abasinga, Abazigaba, Abagesera, Abasindi na wengineo. Na ukoo mmoja ulikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Wanaanthropolojia, yaani wasomi wanaochunguza mila na maisha ya watu, waliliandika jambo hili mara nyingi, nao walilishangaa, kwa sababu halikukaa vizuri na hadithi ya makabila mawili yenye uadui wa tangu na tangu. Kulikuwa hata na utani kati ya koo. Mtu akitaka kujenga nyumba mahali papya alimwita Muzigaba, Mugesera au Musinga amtolee baraka za kiwanja, na huyo mtani hakuulizwa kama ni Mhutu au Mtutsi. Ndugu zetu waliokaa Tanzania wataona kwamba utani wa kule hauko mbali na huu.

Basi mtoto huyu alizaliwa wakati neno moja lilipokuwa linabadilishwa maana. Alipofika umri wa kwenda shule, na baadaye umri wa kazi, karatasi ile ilikuwa tayari inaamua nani apate nafasi na nani aikose. Mwanzoni iliwapendelea Watutsi wachache waliokuwa karibu na utawala, na baada ya mapinduzi ya 1959 ikageuzwa upande wa pili. Alikuwa na miaka 25 Watutsi wa kwanza walipochomewa nyumba na kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Wengine kati yenu ni wajukuu wa watu hao.

Felicitas hakuolewa. Alijiunga na chama cha wanawake walei wa Kanisa Katoliki waliojiweka wakfu, wanaoitwa Wasaidizi wa Utume. Si masista wa monasteri. Huishi katikati ya watu, hufanya kazi za kawaida, na katika chama hicho Wahutu na Watutsi waliishi pamoja kama dada. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kusimamia Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi, katika jimbo la Nyundo. Ni nyumba ya kupokea wageni. Ukiwa na nyumba ya namna hiyo, siku zako zinapita kwa mambo madogo: shuka, funguo, chakula cha jioni, nani anaondoka kesho na nani anakuja. Hatuna habari kwamba aliwahi kuhutubia mkutano wowote au kujiunga na siasa. Kama amani isingevunjika, leo angekumbukwa na wageni wake tu.

Wengi wetu tunaijua Gisenyi, kwa hiyo hatuhitaji kuieleza sana. Mji uko kando ya ziwa, na mtu akitembea kidogo tu anafika mpaka wa Goma. Yeyote aliyetaka kuikimbia Rwanda upande huo alipita pale, na yeyote aliyetaka kuwazuia wakimbizi alisimama palepale.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana iliangushwa Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 watu walikuwa tayari wanauawa Gisenyi. Mkoa huo ulikuwa nyumbani kwa wakubwa wengi wa serikali ya wakati ule, na Interahamwe wake walikuwa wamejipanga mapema. Mudende nayo haikuchelewa. Ninyi mnaoijua Mudende kwa baridi yake, ukungu, viazi na maziwa, mkumbuke kwamba kabla ya kuwa jina la kambi ilikuwa jina la chuo kikuu cha Waadventista, na Watutsi wa vilima vya jirani walikimbilia katika majengo yake katika siku za mwanzo za Aprili wakidhani kwamba mahali pa shule na sala hapataguswa. Waliuawa humo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilisikiliza ushahidi wa mauaji hayo. Kwa hiyo sisi tulipopelekwa Mudende kama wakimbizi, tuliwekwa juu ya ardhi ambayo ilikuwa imekwisha kuona damu.

Katika siku zilezile watu walianza kubisha mlango wa Kituo cha Mtakatifu Petro. Felicitas aliwafungulia. Hakuwachagua. Baadhi aliwasaidia kuvuka usiku kwenda Goma, na wale waliovuka walipona. Katika majarida mengi ya ukumbusho habari ya mtu kama huyu husimuliwa kana kwamba kazi yake yote ilikuwa kufa. Si kweli. Kwa takriban majuma mawili kazi yake ilikuwa kuwapa watu chakula na mahali pa kulala, kuwaficha, na kutafuta njia ya kuwapitisha mpakani wakati vizuizi vilikuwa kila mahali. Katika mji ule, wakati ule, kumpa mtu sahani ya maharage kulitosha kukuua.

Ndugu yake wa kuzaliwa, Kanali Alphonse Nzungize, alikuwa mkuu wa kambi ya jeshi ya Bigogwe, si mbali na Gisenyi. Aliposikia kwamba dada yake ameandikwa miongoni mwa wasaliti, alimpelekea ujumbe aondoke pale. Tuseme wazi kwamba ujumbe huo ulikuwa wa upendo. Kaka alitaka kumwokoa dada, na kaka mwenye cheo kama kile angeweza. Gari lingekuja, askari wangesindikiza, na hakuna kizuizi ambacho kingemzuia mwanamke Mhutu, dada wa kanali.

Felicitas alimjibu kwa barua. Hatutainukuu hapa. Kwa ufupi alimshukuru kaka yake kwa kumjali, akamweleza kwamba kuokoa maisha yake kungemlazimu kuwaacha watu 43 waliokuwa chini ya ulinzi wake, na kwamba alichagua kufa pamoja nao. Alimwomba awaombee. Alimwomba pia amwage mama yao mzee na ndugu. Ni barua fupi, ya mtu aliyekuwa na kazi nyingi.

Tarehe 21 Aprili 1994 wauaji walifika kituoni na magari. Wakawachukua wote, wakiwemo wenzake wa chama cha Wasaidizi, wakawapeleka kwenye makaburi ya mji, mahali ambapo makaburi ya pamoja yalikuwa yamechimbwa na ambapo watu waliuawa kwa wingi kiasi kwamba pakapewa jina la Commune Rouge, yaani Wilaya Nyekundu. Inasimuliwa kwamba hata pale shimoni alipewa nafasi ya kuondoka, maana waliomshika walijua ni dada wa nani na walimwogopa kaka yake. Alikataa kubaki hai baada ya wenzake kuuawa. Wakampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo tungependa kukaa kidogo, maana ni rahisi kumwita mtakatifu na kumaliza, na mtu akishaitwa mtakatifu hakuna anayejiona analazimika kumwiga.

Katika mila za Rwanda, na za kwetu Masisi na Rutshuru pia, kulikuwa na mapatano ya kunywana. Watu wawili wasiokuwa ndugu walichanjwa kidogo karibu na kitovu, damu ikapokelewa kwenye jani la mti wa umuko, kila mmoja akanywa ya mwenzake, na mtu wa tatu akatamka laana kwa yeyote atakayevunja. Kifungo hicho kiliitwa igihango. Baada ya hapo nyumba yako ni nyumba yake, na ukimsaliti igihango kitakuua wewe na watoto wako. Wanaanthropolojia waliokichunguza waliona kwamba kilikuwa kinaziba pengo: undugu wa damu unawalinda walio wa ukoo wako, lakini nani atamlinda mfanyabiashara, jirani, mgeni, mtu wa kilima kingine? Mapatano yale yalimfanya mgeni kuwa ndugu. Na Mhutu na Mtutsi waliweza kunywana. Wapo waliofanya hivyo, na wapo ambao watoto wao waliokolewa mwaka 1994 kwa sababu hiyo, kama wapo pia ambao igihango chao kilitemwa mate mchana kweupe.

Felicitas hakunywana na yeyote. Kwa kaka yake alikuwa na damu kweli, na kwa wale 43 hakuwa na kitu isipokuwa kwamba waliingia nyumbani mwake. Aliwekwa kati ya damu na ugeni, akachagua ugeni. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo kubwa kuliko hata kifo chenyewe, kwa sababu vita vyote tulivyovikimbia, vya Masisi mwaka 1993, vya Rwanda 1994, na vilivyofuata Kongo, vilisimama juu ya fundisho kwamba damu inatangulia kila kitu. Rwanda ya leo imelichukua neno lile la zamani. Watu waliowalinda wengine wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hupewa jina la Abarinzi b'Igihango, walinzi wa agano. Na yeye Felicitas amewekwa miongoni mwa mashujaa wa taifa wa ngazi ya Imena, pamoja na Mfalme Mutara Rudahigwa, Michel Rwagasana, Agathe Uwilingiyimana na wanafunzi wa Nyange, ambao huadhimishwa tarehe 1 Februari kila mwaka.

Habari za wanafunzi wa Nyange vijana wetu wanazijua kutoka shuleni. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 waasi waliingia shuleni kwao na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono. Ni miezi mitano tu kabla ya Mudende.

Sasa tufike Mudende. Tarehe 22 Agosti 1997 kambi yetu ilishambuliwa kwa mara ya kwanza, wakauawa watu zaidi ya 130. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba mwaka huohuo wakarudi, na safari hii waliouawa walikaribia 300, kwa bunduki, mabomu na mapanga. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Waliotushambulia walikuwa watu wa jeshi la zamani na Interahamwe waliorudi kutoka Kongo, wale ambao watu wa kaskazini waliwaita abacengezi. Waliosalia walipelekwa Gihembe, Byumba, na Gihembe ilipofungwa mwaka 2021 wengi wakahamishiwa Mahama. Vijana waliozaliwa Gihembe hawajaiona Mudende, lakini wanaijua kila jioni wazee wanapoanza kusimulia.

Na hapo ndipo penye tabu inayotufanya tuandike habari hizi. Mtoto anayesikia Mudende tu, bila kusikia Gisenyi, anakua akijua Mhutu mmoja pekee, yule aliyekuja usiku na panga. Tumewasikia watoto wetu wakicheza, na tumesikia wanavyogawana majina katika michezo hiyo. Hatuwalaumu. Wamefundishwa na sisi. Lakini hakimu wa vile vizuizi vya 1994 naye alifundishwa na mtu, jioni, karibu na moto, na alichofundishwa ni kwamba Mtutsi ni mmoja tu.

Wajumbe waliopinga walisema pia kwamba mwanamke mmoja mwema hafuti watu mia tatu. Tunakubali kabisa. Hafuti hata mmoja. Wale 43 hawakupona kwa ajili yake, walikufa naye. Tusiwauzie watoto hadithi kwamba wema hushinda. Gisenyi, tarehe 21 Aprili, wema haukushinda. Tunachoweza kusema ni kidogo kuliko hicho: kwamba karatasi iliyoandikwa Hutu haikumlazimisha mtu kuua. Kila aliyeua Commune Rouge alikuwa na nafasi ya kujibu kama alivyojibu yeye, ingawa kwa gharama kubwa. Hilo linawashtaki wauaji zaidi, maana linawanyima ule udhuru kwamba kabila zima lilifanya, au kwamba haikuwezekana vingine. Mzee mmoja wa Komite ambaye mwanzoni alikuwa miongoni mwa waliopinga alibadili mawazo kwa hoja hii, si kwa hoja ya msamaha. Msamaha kila mtu anao moyoni mwake au hana, na Komite haina mamlaka juu yake.

Wapo wauaji wa Gisenyi waliokiri. Omar Serushago, aliyekuwa kiongozi wa Interahamwe mjini hapo, alikiri makosa mbele ya mahakama ya Arusha Desemba 1998 na Februari 1999 akahukumiwa miaka 15. Wengine wengi walipita gacaca. Gacaca ya zamani ilikuwa kikao cha wazee juu ya majani, wakisuluhisha mambo ya mashamba, ng'ombe na ugomvi wa majirani. Haikuwa imeundwa kwa ajili ya mauaji ya namna hii. Serikali iliibadilisha kwa sheria ya mwaka 2001, ikaanza kwa majaribio mwaka 2002, ikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili. Ilisifiwa na ilikosolewa, na sote tunajua watu wenye maoni ya aina zote mbili. Tulichokiona sisi tuliokuwa pembeni, kwa kuwa kesi hizo hazikuwa za Mudende ya 1997, ni kwamba wengi walioisubiri hawakutaka hasa adhabu. Walitaka kuonyeshwa mifupa ilipo. Bila kuzika hakuna kumaliza matanga, na mtu ambaye matanga yake hayajaisha hawezi kuzungumza na jirani.

Kwetu Kongo tuliwahi kuwa na kitu kinachofanana. Mwaka 1998 Goma iliundwa Barza ya jamii za Kivu Kaskazini, ambamo wazee wa Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wahutu, Watutsi na wengine walikaa pamoja kusuluhisha hasa mambo ya ardhi. Ilifanya kazi njema kwa muda. Halafu wanasiasa wakaingia, kila mmoja akamvuta mzee wa upande wake, na ilipofika mwaka 2005 ilikuwa imekwisha nguvu. Tunaitaja kwa sababu wengine hudhani kwamba mila ikirudishwa tu, amani itarudi nayo. Mila ni chombo. Baraza la wazee linaweza kusuluhisha, na baraza hilohilo, wakikaa watu wa upande mmoja tu, linaweza kupanga vita.

Felicitas Niyitegeka hakuwa na baraza, hakuwa na sheria, hakuwa na mtu wa tatu wa kutamka laana. Alikuwa na nyumba yenye vyumba na mlango.

Swali la baadhi ya wajumbe bado liko mezani, nalo ni hili: je, jina lake lisomwe pamoja na majina ya ndugu zetu siku ya kuwasha mishumaa, au libaki katika kurasa hizi tu? Komite haikufikia uamuzi. Tunaomba kila mtaa wa kambi ulizungumze, akina mama na vijana wakiwemo, si wazee peke yao, na wakuu wa mitaa watuletee majibu. Majina ya marehemu wetu wa Agosti na Desemba 1997 yanaanza katika ukurasa unaofuata. Familia ambazo ndugu zao hawamo, au majina yameandikwa vibaya, waje na shahidi mmoja tusahihishe.